Mke wa Mwalimu Aenda Darasani

Fundi huyu wa cherehani alishona sare za shule tangu usichana wake, na mumewe alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Mume alifundisha lugha na fasihi katika sekondari ya mtaani kwao mpaka akastaafu, lakini Kiingereza hakukileta nyumbani hata neno moja. "Hicho ni cha kazini," alikuwa akisema huku akivua viatu. "Hapa niache nipumzike." Mkewe, aliyeishia shule ya msingi, hakuona amepungukiwa na kitu.

Asubuhi moja mwalimu alianguka bafuni. Kiharusi. Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umelala na mdomo umekwenda upande, hatoi neno. Siku ulimi ulipofunguka, fundi aliacha maziwa yakifurika jikoni akaja mbio, mwiko mkononi. Mume alikuwa akiongea kweli, tena kwa kujiamini, ila Kiingereza kitupu.

"Mzee wangu, sema na mimi kwa lugha yetu," alimbembeleza.

Mzee alimtazama, akaendelea na yake.

Daktari alisema hutokea: mwenye lugha mbili, ugonjwa humwondolea moja ukamwachia nyingine. Huenda ingerudi, huenda isirudi. Majirani waliojua Kiingereza walijitolea kutafsiri. Fundi aligoma katakata. "Maneno ya mume wangu niyapokee kwenye mdomo wa mtu baki? Sitaki."

Akamwendea mkuu wa sekondari ile, mwanamke aliyefundishwa na mumewe zamani, akaomba naye ajifunze Kiingereza.

"Mama, utaweza kukaa na watoto wa kidato cha kwanza?"

"Sketi walizovaa nimeshona mimi. Wamenizoea."

Basi kila asubuhi wifi yake alibaki na mgonjwa, naye akajibana kwenye dawati la nyuma. "Shikamoo mwanafunzi mwenzetu!" wasichana walimtania. Alihangaika. Aliuliza kwa nini herufi nyingine huandikwa halafu hazisomwi. Kama hazina kazi, si ziondolewe? Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu wao akiwemo. Kipindi cha fasihi walisoma hadithi ambayo mwalimu wao aliifafanua kwa Kiswahili, ya mwanamke aliyemngoja mtu kituoni, treni zikija na kuondoka. Watoto walipiga miayo. Yeye aliomba ruhusa akaenda kusimama nje, amejifunika uso kwa khanga.

Pole pole maneno yakaanza kufunguka. Kwanza mlango, kiti, dirisha. Kisha, alasiri moja akipinda ukingo wa sketi, alisikia sentensi nzima ya mumewe akaielewa, mguu ukakwama kwenye pedali.

Fungueni vitabu. Wewe wa nyuma, simama usome.

Akasogeza kiti karibu. Mzee alikuwa akimkaripia mtu aliyechelewa, akaeleza shairi, akarudia kuwaambia wafungue vitabu. Kesho yake yale yale. Fundi alingoja asikie jina lake, au neno "mke" tu. Halikuja. Miezi yote ile alipoyaona macho ya mumewe yamemkazia, alidhani anaambiwa jambo lao wawili. Kumbe mzee alikuwa darasani, na yeye ni mmoja wa wanafunzi.

Wifi alimkuta ameinamia kitambaa. "Umeshaanza kumwelewa? Kaka anasema nini?"

Fundi alikata uzi. "Anashukuru kwa unavyomtunza. Anakutaja sana."

Wifi akalia kwa furaha, na fundi akapata nafasi ya kulia pamoja naye bila kuulizwa.

Siku iliyofuata mzee alipoagiza wa nyuma asimame, fundi alisimama. Akasoma kwa kubabaika ukurasa wa kitabu cha darasani. Mume alimsahihisha neno baada ya neno, uso umechangamka kuliko wakati wowote tangu augue. "Ndiyo, Mwalimu," mkewe alijibu kwa Kiingereza. Wakaishi hivyo, somo kila alasiri, mpaka mzee akafariki msimu wa baridi. Hakumwita mkewe kwa jina hata siku moja.

Matanga yalipokwisha, mkuu wa shule alikuja kumwomba arudi amalize mwaka.

"Mwanangu," fundi alisema, "Kiingereza hiki sasa nitaongea na nani?"

Mkuu wa shule aliweka kikombe chini, akaanza kumlilia mwalimu wake, na fundi akasogea kumshika mabega.