Mama Asiye na Wasiwasi

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya kliniki moja karibu na Soko la Toi. Mbele yangu alikuwa mama muuza mitumba, nesi akimjazia fomu.

"Mama, wiki hii umekuwa na wasiwasi?"

"Hapana."

"Unalala vizuri?"

"Nalala. Na viatu."

Nesi akainua kalamu. "Viatu za nini?"

"Si watu wa serikali walituchorea X kwa mlango, ati watabomoa? Tingatinga ikikuja, nitaanza kutafuta viatu kwa giza?"

"Sasa si hiyo ndiyo wasiwasi?"

Mama akakaza fundo la leso kiunoni. "Wasiwasi ni ya mtu hajui nini inakuja. Mimi najua. Sijui tu siku."

Nesi akaandika kwenye fomu: Hana.

Mnisamehe wasomaji, nilitaka kucheka. Zamu yangu ilipofika, niliulizwa swali lilo hilo. Nikajibu, "Sina," huku nikilivuta karibu begi lenye vyeti vya watoto wangu, ambalo tangu mlango wangu nao uchorwe X, naenda nalo hata chooni.