Mlio wa Pili

Siku yangu ya kwanza ya kuanzisha mbio, sikuwa nimeiomba kazi hiyo. Nilikuwa mwalimu mgeni katika shule ya msingi nje kidogo ya Kitale, na siku ya michezo nilikwenda uwanjani na viatu vya kisigino, nikidhani walimu wa kike hukaa hemani wakigawa maji ya glukosi. Mwanzishaji wa mbio hakufika. Afisa wa Michezo wa Wilaya, mzee mrefu mwenye sauti ya mkwaruzo, alitutazama mmoja mmoja, akawapita wanaume wote, akaniwekea mbao mikononi.

"Wewe madam, shika hii. Anzisha hao wasichana, tunachelewa."

Ninyi vijana hamzijui mbao, ngoja niwaeleze. Zilikuwa vipande viwili vya ubao vilivyoungwa kwa bawaba upande mmoja, kila kimoja na mshikio wake. Ukivipanua kisha ukavigonganisha, vilitoa mlio mkali uliofika mwisho wa uwanja. Upande wa ndani ulipakwa rangi nyeupe. Sababu yake ni kwamba mpima muda aliye mbali kwenye utepe wa kumalizia haanzishi saa kwa kusikia, maana sauti huchelewa njiani. Huianzisha anapouona ule weupe ukifumbwa. Mlio mmoja maana yake nendeni. Wa pili ukifuata upesi, maana yake rudini, kuna mwenzenu aliyetoka kabla ya wakati. Mtoto yeyote wa shule za kwetu aliijua sheria hiyo kabla hajajua kuandika jina lake.

Nikasema, "Kwenye alama zenu. Tayari." Kisha nikazigonga zile mbao kwa upole, kama mtu anayepiga makofi kanisani akiwa na njaa. Wasichana walibaki wameinama vilevile, kama wanaotafuta sindano kwenye nyasi.

"Madam," Afisa akaita mbele ya umati wote, "hao unaanzisha ama unabembeleza?"

Uwanja mzima ukacheka. Nikavua viatu nikavitupa kando, nikawarudisha wasichana kwenye mstari, nikazigonga mbao kwa hasira yangu yote. Safari hii waliondoka! Na mimi nikanaswa siku hiyohiyo, nikabaki katika kazi hiyo mpaka nilipostaafu.

Watu hudhani utamu wa mbio fupi uko kwenye utepe. Utamu uko pale mwanzoni, baada ya "tayari" na kabla ya mlio. Afisa yule alinifundisha jambo tuliloliita kushikilia. Alisimama nyuma yangu akininong'oneza: "Usigonge bado. Angalia viuno. Kuna mmoja bado anatingika. Ngoja. Hiyo kimya ni yako, madam, lakini si ya kuchezea." Ukigonga upesi, umemwibia aliyekuwa bado anatulia. Ukichelewa, miguu inaanza kutetemeka na mmoja atachomoka. Kimya kile hudumu kama pumzi moja tu. Nimestaafu, nina ng'ombe wawili na shamba dogo la mahindi, sina cha kulalamikia, lakini nakitamani kimya kile mpaka kifua kinauma.

Kutoka Kitale nilihamishiwa Bungoma. Huko Katibu wa Waamuzi, mtu mkali aliyenyoosha suruali yake kwa pasi hata kwa mbio za nyika za matopeni, alinifundisha bastola ya risasi tupu, zile zinazotoa mlio na moshi tu. Nilijifunza kuinua mkono mpaka ukae wima, na kuhakikisha moshi unaonekana vizuri na wapima muda. Nilijifunza pia kazi ya msaidizi wa kurudisha, yule anayesimama pembeni na bastola yake mwenyewe. Akiona mwanzo mbaya, ndiye anayepiga mlio wa pili. Mwanzo ukiwa safi, anashusha mkono kimyakimya na hakuna anayejua kwamba alikuwepo. "Kazi ya msaidizi ni kama ya mlinzi," Katibu alizoea kusema. "Usiku ukipita bila neno, hiyo ndio kazi." Na aliyekosea, tulimtaja mbele ya wote kwa kumnyooshea kidole. Hakuna kuonea haya mtoto wa mtu. Nilikuwa hodari sana wa kunyoosha kidole.

Bastola hiyo niliibeba kwa majivuno nilipopelekwa shule ya Matulo. Siku ya kwanza nilipoifyatua uwanjani, msichana mmoja mdogo wa darasa la pili alitoka mstarini, si kwenda mbele bali kando, akajificha nyuma ya choo. Jina lake Naliaka. Kesho yake mama yake alikuja ofisini kwa walimu, jembe begani.

"Madam, mimi sina neno na mbio," akasema. "Lakini sisi tulitoka huko juu mlimani wakati wa ile vurugu ya bunduki. Hiyo kitu ikilia, mtoto yangu halali. Na mimi pia silali."

Mwalimu Mkuu akaniambia taratibu kwamba watoto wa namna hiyo walikuwa wengi pale. Niliirudisha bastola Bungoma, nikaingia stoo ya shule, nikatoa mbao zilizojaa vumbi, nikazifuta. Miaka yote niliyokaa Matulo nilitumia mbao, na kwa mbao hizo Naliaka alikimbia kama aliyeitwa na mtu anayempenda. Mwanzo wake ulikuwa mzuri ajabu. Wenzake walipokuwa bado wanainua vichwa, yeye alikuwa ameshapiga hatua.

Kwetu mtu akisikia msichana anakimbia, anauliza kama ni mbio za masafa marefu. Kocha wa kambi moja upande wa Moi's Bridge alikuja kumtazama, akatikisa kichwa. "Madam, unaharibu mtoto na hizi mita mia. Sisi ni watu wa mbio refu. Mwenda pole hajikwai."

"Wala hafiki fainali," nikamjibu. Tulinuniana naye kwa muda mrefu.

Lakini nilijua kwamba mashindano makubwa hayaanzishwi kwa mbao. Basi Naliaka alipokuwa sekondari tulianza kumzoesha bastola. Mwalimu mwenzangu aliifyatua nje ya uwanja, mbali, karibu na miwa. Wiki iliyofuata akasogea kidogo, kisha kidogo tena. Mama Naliaka aliketi nyasini kando ya mstari wa kuanzia, na kila ilipolia alimwambia bintiye, "Ni mwalimu tu. Usiogope, mama. Ni mwalimu." Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Yeye mwenyewe alikuwa amefumba macho.

Basi siku ikafika. Nchi yetu iliandaa mashindano ya kimataifa, Naliaka akachaguliwa kukimbia mita mia za wanawake, na mimi, katika mwaka wangu wa mwisho wa kazi, nikaitwa kuwa msaidizi wa kurudisha. Nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: nimwone mtoto wa Matulo ameinama kwenye mstari wa fainali. Kushinda lilikuwa jambo lingine. Nilitaka nimwone mle, katika kimya kile, na dunia nzima imenyamaza kwa ajili yake.

Mama Naliaka alikuja na akina mama wa kanisa kwa basi la kukodi. Niliwaelekeza wakae upande wa kuanzia, karibu na ukuta, ili auone uso wa mwanawe. Alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa leso. Nilidhani ni chakula.

Ilikuwa nusu fainali. Naliaka aliweka miguu kwenye vikanyagio, akainamisha kichwa. Mwanzishaji Mkuu, mgeni mwenye mkono uliotulia kuliko wote niliopata kuwaona, akatoa amri. Viuno vikapanda. Uwanja ukanyamaza. Alishikilia vizuri, ningemwiga kama ningekuwa bado na miaka ya kuiga. Bastola ikalia. Mwanzo ulikuwa safi kabisa, na Naliaka alikuwa mbele. Nilianza kushusha mkono.

Hapo ndipo mbao zilipolia nyuma yangu, kutoka kwa watazamaji.

Niliujua mlio ule kama ninavyojua mlango wa nyumba yangu. Naliaka pia aliujua. Kichwa kikanyanyuka, mwili ukajizuia. Mlio wa pili, rudini. Wale wengine saba hawakulelewa na mbao. Kwao ilikuwa kelele tu ya mashabiki. Aliiona migongo yao ikienda, akaelewa, akakimbia kwa namna ambayo sijamwona mtu akikimbia kabla wala baada. Aliwapita watatu. Aliyechukua nafasi ya mwisho ya kuingia fainali alimzidi kwa kifua tu.

Mwamuzi Mkuu wa mbio alinijia mbio. "Wewe ulirudisha?"

"Sikurudisha. Mwanzo ulikuwa safi."

"Kulikuwa na mlio?"

"Ulikuwepo, kutoka kwa watazamaji."

"Saba wameusikia, wakaendelea," akasema. Matokeo yakabaki. Hakukosea. Ningekuwa yeye, ningesema hivyohivyo, na jambo hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilimkuta Naliaka chini ya jukwaa, ameketi sakafuni, viatu vyake vya misumari mkononi.

"Madam, si hiyo ilikuwa mbao yetu?"

"Ilikuwa yetu."

"Ni mama?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Alilia kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili, na mimi nikalia naye, nikiwa ndani ya sare yangu ya uamuzi. Kisha akajifuta uso kwa nambari yake ya kifuani. "Usimwambie, madam. Nakuomba. Akijua, ataumia nayo mpaka kufa." Akasimama, akapanda ngazi, akaenda kumkumbatia mama yake mbele ya akina mama wa kanisa, akicheka.

Hakuwahi kuinama tena kwenye mstari kama ule. Mwaka uliofuata msuli wa nyuma ya paja ulikatika, na ukikatika kwa mtu wa mbio fupi, haurudi ulivyokuwa. Leo anafanya kazi ofisini mjini Bungoma, ana mume na mtoto, ana afya. Namshukuru Mungu. Lakini kila runinga inapoonyesha mbio za wanawake, wakisema "tayari" najikuta nimesimama katikati ya sebule, namtafuta katika safu ile, na hayumo. Wajukuu hunicheka. Waache wacheke.

Mama Naliaka hunitembelea baada ya ibada. Tunakunywa chai, tunazungumzia mvua na bei ya mbolea, na mwishowe lazima tufike huko, maana ndiyo siku kubwa ya maisha yake.

"Madam, si ulisikia vile niligonga?"

"Nilisikia, Mama Naliaka."

"Niliomba headmaster anipatie hiyo mbao, nikaficha kwa leso. Nikasema, hiyo bunduki ikilia, mtoto asikie ya nyumbani pia, asiogope. Na si uliona? Akainua kichwa! Akajua niko."

"Aliinua."

"Saa ile ndio alikimbia kama upepo." Hapo hutazama kikombe chake. "Lakini mimi najilaumu, madam. Niligonga mara moja tu, nikaona haya watu. Ningegonga tena na tena, si angeingia fainali?"

Nami, niliyewanyooshea kidole watoto wa watu maisha yangu yote, namwambia, "Angeingia, mama." Halafu naenda jikoni kuongeza chai ambayo hakuna aliyeiomba, nasimama huko mpaka machozi yakauke.