Inawaka, Lakini Haijapona

Mtaani walimwita Mama Pasi, maana kwa miaka kumi na minne alitengeneza pasi, feni na mabirika ya umeme kibarazani kwake. Kazi ikiisha alichomeka waya, taa ikawaka, akamwambia mteja, "Inawaka." Neno hilo ndilo lililomwangusha.

Akiwa na miaka arobaini na moja alijiunga na chuo cha ufundi wa vifaa tiba. Kwenye mtihani wa mwisho wa vitendo alipewa mashine ya kupimia presha. Akaunga waya, akaandika kwenye fomu: Inawaka. Mwalimu wake, mama mfupi asiye na maneno mengi, akampa sifuri.

"Pasi ikikosea inaunguza shati," alimwambia. "Hii ikikosea?"

Kurudia kuliruhusiwa mara moja tu. Akifeli, cheti basi.

"Bibi wa darasa," alimtania wifi yake, dada wa mumewe, "ukianguka tena rudi kibarazani. Birika langu limelala mwaka mzima."

"Si ulilete, wifi, au mpaka litembee lenyewe?"

Siku ya marudio alikuta mezani pampu ya dripu, ile inayosukuma dawa polepole kwenye mshipa wa mgonjwa. Ilikuwa imezima. Alibadilisha fyuzi, kioo kikang'aa. Zilibaki dakika ishirini na tano, na mkono ulimwasha kuandika lile neno.

Akaweka kalamu chini. Akaipangia pampu mililita sitini kwa saa, akaitilia maji badala ya dawa, akatega mrija kwenye chombo chenye alama za mililita, macho kwenye saa ya ukutani. Dakika kumi zilipaswa kutoa mililita kumi. Zikatoa kumi na tatu. Akarudia, kumi na tatu tena. Muda wa kurekebisha haukuwepo. Akaandika: Inawaka, lakini haijapona. Inazidisha dawa. Isirudi wodini.

Mwalimu alisoma mara mbili. "Nani kakwambia inazidisha?"

"Maji yenyewe, mwalimu."

"Niliiharibu mimi jana, kwa mkono wangu," mwalimu alisema, akatia sahihi. "Umefaulu."

Jioni wifi alifika na birika kwapani. "Nasikia Mama Pasi kapasi."

Mama Pasi akalifungua, akakaza waya uliolegea, taa ikawaka. Wifi akanyoosha mkono kulichukua.

"Liache hapo," alisema Mama Pasi, akilijaza maji. "Kwanza lichemke."