Betri ya Kwapani

Mpiga video wa harusi za kwetu Mogogosiek, milimani kwenye baridi, hunong'ona daima, na mkono wake wa kushoto hubana ubavu. Betri ya lithiamu ya kamera yake huishiwa nguvu kwa baridi, hivyo huitunza kwapani mpaka saa ya kiapo. Jumamosi moja kanisani mchungaji alituamuru tuinue mikono yote miwili. Betri ikaanguka. Shangazi wa bibi harusi, kwa wema, akaikimbiza nje kando ya jiko la chai, kama tunavyofufua betri za redio kwa joto. Mnong'onaji akaruka benchi mbili akipiga kelele.

"Mama, toa! Hiyo italipuka!"

"Si niliona imepoa," shangazi akasema.

Mpiga video akaichukua, akarudi nayo ndani kwapani, akihema.

"Tuendelee na kiapo?" mchungaji akauliza.

"Tungoje kamera iwake," bwana harusi akajibu. "Mimi siapi mara mbili."