Bonasi Ilipofika Mezani

Shangazi yangu hupanga mawaridi katika shamba moja la maua karibu na Ziwa Naivasha. Ni kazi ya kusimama: wanawake watano kwa meza, maua yanaletwa kwa ndoo, unayatenga kwa urefu, unayafunga mashada. Yeye ni kitinda mimba wa babu, ananizidi miaka michache tu, lakini huniita baba kwa sababu nilipewa jina la babake. Ni cheo ambacho sijawahi kukistahili.

Miaka ya karibuni vidole vyake vilianza kukakamaa, hasa asubuhi za baridi. Halikuwa neno. Mezani walikuwa na desturi waliyoiita jeki: mwenzako akiwa na mimba, au amekesha na mtoto, unasukuma mashada yako mawili matatu kwenye fungu lake bila kumtazama. Kumtazama ilikuwa tabia mbaya.

Kisha ikaja bonasi. Mwenye mashada mengi kwa wiki aliongezewa pesa; wa mkiani walitishiwa kupelekwa grinihausi, kuinama kutwa. Mimi niliyesomea uchumi chuo kikuu nilimweleza shangazi, nikiwa nimekunja nne, kwamba motisha huamsha watu.

“Wameamka kweli, baba,” akasema. “Mpaka wanafichana mikasi.”

Jeki ilikufa bila matanga. Aliyeshinda karibu kila wiki alikuwa msichana wa meza yao, mwepesi wa mikono na wa mdomo. Alikimbilia ndoo zenye mashina marefu, wengine wakabaki na yaliyopinda. Siku moja alimwambia shangazi mbele ya watu, “Mathe, wewe ni breki.” Shangazi alinisimulia akicheka, halafu akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi.

Mashada yaliongezeka, lakini mengi yakaanza kurudishwa kwa kufungwa ovyo. Wakubwa wakabadili mawazo. Sasa bonasi ingekuwa ya meza nzima, na wanawake wangechaguana wenyewe. Atakayekosa meza, grinihausi.

Nani angechagua vidole vilivyokakamaa? Siku ya kuchaguana niliazima pikapu ya jirani yangu hapa Section 58, nikateremka hadi Karagita, mtaa anakoishi kando ya ziwa, nimlete nyumbani kwangu kabla aibu haijamzidi. Mwenye duka la jirani alinipa ufunguo wa chumba chake. Nikakaa kitandani kwa shangazi nikifanya mazoezi ya hotuba ya kumliwaza. Ilikuwa na utangulizi.

Jioni akaingia, nyuma yake msichana mrefu mwenye macho mekundu.

“Baba, songa mgeni akae.”

“Shangazi, ulipata meza?”

“Mimi? Meza mbili zilinivuta huku na huku, karibu wanichane sweta. Wale niliowapiga jeki wakiwa na mimba, kumbe hawajasahau.” Akamwonyesha mgeni kwa kidevu. “Ni huyu aliyebaki amesimama katikati ya ukumbi peke yake.”

Alikuwa yule bingwa. Hakuna meza iliyomtaka, na wepesi wake wote.

“Nikasema huyu ni wetu,” shangazi akaendelea, akiwasha jiko. “Wenzangu wakaninunia, wakaniuliza: Mathe, si huyu alikuita breki? Nikawaambia, ndiyo, na gari haliendi kwa breki peke yake.”

“Nilisema breki, mathe,” msichana akasema, akijipangusa pua. “Sikusema mbovu.”

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. “Nyamaza ukate sukuma.”

Alizikata kwa kasi ya kutisha. Mimi nilitumwa maji, nikasonga ugali, nikaambiwa una mabonge. Hotuba nikaimeza pamoja nao.

Tulipokuwa tunakula, msichana aliuliza, bila kumlenga mtu, kama wenzake wa mezani watamsemesha kesho.

Shangazi alitafuna kwanza.

“Kesho hapana,” akasema. “Keshokutwa, labda mmoja. Wewe fika tu.” Akamwongezea mboga.