Mke wa Marehemu Burilgi

Altani hakumpenda marehemu Burilgi, na hilo lisemwe mapema lisije likamchanganya mtu mbele ya safari. Aliozwa kwake akiwa kigori, mzee naye ana mvi mpaka kwenye nyusi. Alikoroma, alitema mate karibu na moto, na kila akilewa maziwa makali ya farasi alirudia vita vile vile alivyovisimulia jana yake. Mke wake wa kwanza alikuwa amekufa na kumwachia kijana mmoja, Mungedu, aliyemzidi Altani umri kidogo tu. Siku bibi harusi alipoingia hemani, mzee alimwamuru mwanawe amwamkie mama yake. Mungedu akamtazama yule msichana, kofia ndefu ya wanawake walioolewa inamlemea shingo, akaangua kicheko. Akasema hata mbingu ianguke, yeye hatamwita mtoto huyu mama. Alichapwa mjeledi kwa neno lile, na neno lenyewe hakulirudisha.

Burilgi alipokufa, Mungedu akamrithi Altani. Ndiyo ada yetu sisi watu wa mahema tangu mababu: mwana haachi wajane wa baba yake watangetange, maadamu si yule aliyemzaa. Watu wa mjini wakisikia hushika vichwa. Washike tu. Hawakuwaona wale wawili wakikamua farasi pamoja asubuhi, mmoja akimtania mwenzake mpaka maziwa yanamwagika. Walipendana, basi. Altani alikuja na Sutai, aliyemzaa na mzee, na kwa kuwa Sutai ndiye kitindamimba wa Burilgi, hema la baba na moto wake vilikuwa vyake atakapokuwa mtu mzima. Kwa Mungedu akazaa wasichana wawili. Miaka ikapita, Sutai akaota ndevu, na hakuna aliyewatazama vibaya.

Halafu Khan akasilimu.

Khan wetu akipanda farasi, nasi tunapanda, akishuka, tunashuka. Basi alipotamka shahada, jeshi lote likatamka, kikosi baada ya kikosi, na jioni kila mtu anatafuta kilemba. Altani alitoa kitambaa cheupe alichowawekea binti zake, akamviringishia mumewe kichwani kwa mikono yake mwenyewe, akarudi nyuma kumtazama. Akamwambia anafanana na mtungi uliozibwa mdomo. Kesho yake naye akatamka, katikati ya wanawake wenzake, kwa kuwa alikokwenda Mungedu naye ndiko alikokwenda. Aliyaona maneno mepesi tu ulimini.

Tukaletewa mwalimu kutoka Tabrizi, Ustadhi Zahiri, mtu mpole asiyejua kukaa juu ya farasi. Wanaume walimchosha kwa maswali. Walimuuliza kama maziwa ya farasi ni pombe; akayaonja, machozi yakamtoka, akasema atawauliza waliomzidi elimu. Asubuhi moja akafundisha habari za wanawake ambao mwanamume hawezi kuwaoa. Waliorithi wake za kaka zao wakashusha pumzi, maana hao wana ruhusa. Alipofika kwa wake za baba, macho yote yakamgeukia Mungedu. Jamaa mmoja akamsukuma kwa kiwiko, akasema kumbe mwenzetu analala na mama yake. Wakacheka, Mungedu naye akacheka, mpaka alipoona Ustadhi hacheki.

Altani alimkuta Mungedu ameketi nje, penye kamba ya kufungia farasi. Alimpelekea bakuli la mchuzi, naye akalipokea akichunga vidole vyao visigusane.

"Ustadhi anasema wewe ni mama yangu," akasema. "Tangu siku ile baba alipokuoa."

"Na wasichana?"

"Wasichana hawana kosa, ni wangu, hatukujua. Ila kuanzia leo..."

Altani alicheka kwanza. Mtu anawezaje kuamka mke, adhuhuri akawa mama? Kisha hasira zikampanda. "Mwambie Ustadhi wako arudi kwao."

"Akirudi huyu, Khan ataleta mwingine," Mungedu akajibu.

Siku hiyo hiyo matandiko ya Mungedu yakahamia upande wa wanaume, ng'ambo ya moto. Altani akatishia kuyarudisha yale maneno aliyoyatamka. Ustadhi aliposikia akakimbia kuja, kilemba mkononi, akamsihi asiliseme hilo mbele ya mtu yeyote, litamletea balaa. Tena halitamsaidia, akasema, kwa kuwa kamba ya sheria imemfunga Mungedu pia, haikumfunga yeye peke yake. Akaondoka akipangusa uso. Maskini, hata yeye jambo hili lilimnyima raha.

Majira ya kuchipua majani kadhi akatangaza kuja kambini, na Ustadhi akaja na habari ya mlango wa kutokea. Alisikia kuwa mkubwa mmoja wa kambi kuu alikuwa na fundo kama hili hili, na wanazuoni wake wakalifungua. Mzee Burilgi alikufa hajasilimu. Ikiwa ndoa yake haikuwa ndoa kisheria, Altani hakuwahi kuwa mke wa mtu, na Mungedu anaweza kumuoa upya, kwa mahari na mashahidi. Kinachotakiwa ni Altani mwenyewe akiri mbele ya kadhi kuwa baina yake na Burilgi hapakuwa na ndoa.

Mungedu aliingia hemani kwa fujo kumweleza, karibu akanyage kizingiti, jambo ambalo kwetu ni mwiko. Akataka kondoo achinjwe saa ile ile. Altani alifurahi, kwa nini asifurahi? Alisimama kutafuta kisu, na alipogeuka akamwona Sutai ameketi penye moto, anashona hatamu.

"Na Sutai?" akauliza.

"Sutai ana nini?"

"Kama sikuwa mke wa baba yako, Sutai ni mtoto wa nani?"

Asiye na baba kisheria hana hema la baba, hana moto, hana kondoo, wala hasimami kikosini kwa jina la Burilgi. Mungedu akasema atampa vyake vyote, na Altani alijua atampa kweli. Lakini aliijua pia kambi yetu. Alilijua jina watakalompachika kijana siku farasi wake atakapowashinda wao mbio.

"Sema tu, Mama," Sutai akasema bila kuinua kichwa. "Mimi nitapata pa kwenda." Ile sindano ilikuwa imetoboa kidole chake na hakuwa na habari.

Siku zilizobaki Altani alijitahidi kumchukia marehemu. Alikumbuka kukoroma kwake, mate yake, vita vyake visivyokwisha. Alivikusanya vyote na havikutosha. Kila alipofika mwisho alimwona mzee yule yule amempakata Sutai mchanga mbele ya moto, anamwambia mtoto asiyeelewa kitu kwamba huu ni wako. Alilia mpaka macho yakavimba. Akamwendea Mungedu, akamwomba amwamulie yeye, amwambie aseme au asiseme.

"Sutai ni ndugu yangu," Mungedu akasema. "Nikikwambia sema, nimemuua. Nikikwambia usiseme, nimekupoteza. Usiniulize, Altani, nakuomba."

Kadhi alikuwa mzee mwenye kikohozi, amechoka na njia. Aliketi juu ya zulia, watu wakamzunguka. Mungedu alitazama chini. Sutai alisimama nyuma kabisa, tayari amevaa nguo za safari. Kadhi akamuuliza Altani kama Burilgi, baba wa Mungedu, alikuwa mume wake.

Mwanamke huyu hakuwahi kumsemea mzee yule neno jema hata siku moja.

"Alikuwa mume wangu," Altani akasema. "Alinioa mbele ya watu. Na Sutai ni mwanawe."

Kadhi akatikisa kichwa kukubali. Akamwelekezea Mungedu kidole, akamwambia Altani basi huyu naye ni mwanao. Alitaka kuwafariji, nadhani, kwani aliongeza kuwa hakuna kinachomkataza Mungedu kuingia hemani kwake, kumwamkia, kula mkononi mwake. Wala Altani hana haja ya kujifunika mbele yake, kwa kuwa ni maharimu wake. Kisha akaita wenye kesi inayofuata.

Kabla ya baridi kurudi, mkuu wa kikosi alimpa Mungedu mke. Hakuulizwa kama anamtaka. Na kwetu bibi harusi huletwa kwanza kuinamia moto wa baba mkwe, na moto ule ulikuwa kwa Altani. Sutai alikaa mahali pa baba yake, mgongo umenyooka. Bibi harusi alikuwa mdogo, shingo inamyumba kwa uzito wa kofia. Altani alimsogelea akamlegezea kamba ya kidevuni, maana alijua inapoumiza, akampa kipande cha mafuta akitupe motoni.

Mungedu alisimama mlangoni. Kilemba chake kilikuwa kimepinda. Hakuwa na wa kumfungia. Ada inamtaka bwana harusi amkabidhi mkewe kwa mamaye kwa kinywa chake, na watu walinyamaza kumsubiri. Walisubiri sana, hata wengine wakaanza kukohoa.

"Mama," akasema. "Nimekuletea mkweo."

Altani aliinua macho kwenye tundu la moshi. Mbingu ilikuwa pale pale, haijaanguka.

"Karibu, mwanangu," akasema, akachukua bakuli, akawamiminia maziwa.