Mwache Aombe

Dada yangu ni fundi cherehani, na tatizo la mafundi cherehani wazuri ni kwamba hawawezi kuona kitu kinaning'inia wakakiacha. Uzi ukitokeza, anaukata. Kola ikilala upande, anainyoosha, hata kama iko shingoni mwa mtu asiyemjua kwenye foleni ya benki. Sasa mtu wa namna hiyo akapewa mtoto ambaye kila kitu chake ni cha kungoja.

Mtoto tunamwita Meneja. Ana miaka miwili na miezi mitatu, na jina amelipata kwa haki: anakaa katikati ya mkeka, hasogei, hasemi, na watu wazima watatu wanamkimbilia. Huko kukaa kwenyewe alikaa akiwa na mwaka na nusu. Kutembea bado. Kusema bado. Hata kunyoosha kidole kwamba nataka kile, hakuna. Kiu ikimshika analia, njaa ikimshika analia kilio kilekile, wewe ndiye ujue la kufanya. Na dada alikuwa anajua. Kabla kilio hakijatoka vizuri, kikombe kimeshafika mdomoni.

Wateja nao hawakutuacha tupumue.

"Huyu hajatembea tu?" mmoja aliuliza, amenyanyua mikono anajaribishwa gauni. "Wa kwangu miezi tisa alikuwa anakimbia."

"Na wewe ulitembea miezi mingapi, shoga?" nikamuuliza. "Maana gauni lako liko tayari tangu mwezi wa tatu, na ndiyo kwanza umefika."

Dada alicheka na pini mdomoni, jambo la hatari kazini. Lakini niliona mguu wake. Mguu wa dada akiwa na wasiwasi hukanyaga pedeli hata pasipo na mashine.

Kila Jumatano tulikwenda kituo cha afya. Dada amembeba mtoto, mimi nimebeba mkoba, Mama yetu amebeba maoni. Chumba chenyewe kipo mwisho wa korido, nyuma ya pale wanapopimia watoto uzito: godoro jembamba sakafuni, kioo kilichofungwa chini usawa wa mtoto, benchi fupi, na sanduku la vidude vyenye alama za meno. Anayetuhudumia ni mwanamke wa kucha fupi anayeshinda sakafuni na soksi. Tulimwita daktari. Akasema yeye si daktari, ni mtaalamu wa mazoezi ya watoto. Tukamwelewa vizuri sana, tukaendelea kumwita daktari.

Siku ya kwanza alimtazama dada kwa dakika kumi tu.

"Mama, mtoto huyu haombi kwa sababu wewe unamjibu kabla hajauliza," alisema. "Mwacheni aombe. Akiona kikombe, kishikeni palepale mbele yake, mhesabu mpaka kumi, mngoje. Akiwatazama, akinyoosha mkono, akitoa sauti, mpeni. Lakini mwacheni aombe mwenyewe."

Kisha akatwambia la pili, bila kulipaka asali. Nafasi za kila wiki ni nane, wanaongoja ni arobaini. Wiki ya kumi na mbili angempima Meneja. Akiwa ameanza kuomba kitu, kwa ishara yoyote ile, anaendelea. Kama hajaanza, nafasi inakwenda kwa mwingine, sisi tutarudi baada ya miezi sita.

"Sipendi," alisema, "ila ndivyo ilivyo."

Miezi sita kwa mtoto wa miaka miwili ni robo ya maisha yake. Dada aliipiga hesabu hiyo kabla hatujafika getini, na tangu hapo hakukaa. Anapika amesimama, anakula amesimama, anamshikia Meneja kikombe huku anachungulia dirishani kama anafukuzwa.

"Moja, mbili, tatu, sita, kumi. Haya, kunywa mwanangu."

"Dada, nne na tano zimekwenda wapi?"

"Nimezihesabu moyoni."

Katika daftari lake la vipimo, kati ya kifua cha mtu na nyonga za mtu, akawa anaandika: Jumatatu, kikombe, hakuna. Jumanne, kikombe, alilia. Alhamisi, rili ya uzi, aliitazama, labda.

Mchana yeye yuko kwenye mashine chumba cha mbele, kwa hiyo kulisha kukamwangukia Mama, jikoni. Kila baada ya dakika kadhaa dada alipaza sauti juu ya mlio wa cherehani:

"Mama, unamwacha aombe?"

"Namwacha!"

"Kila mara?"

"Kila mara, tena sichoki!"

Jumanne, siku moja kabla ya kupimwa, umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza, nyumba nzima ikanyamaza, na kutoka jikoni tukasikia: "...na mikono iliyokipika, na miguu ya mjukuu wangu ipate nguvu, amina."

Tulikwenda. Mama amekaa kwenye stuli, Meneja mbele yake, viganja vyake viwili vimekutanishwa ndani ya viganja vya bibi yake kama barua ndani ya bahasha. Amina ikaisha, kijiko kikaenda moja kwa moja kinywani. Hakuna kungoja, hakuna kuhesabu.

"Mama, unafanya nini?"

"Anaomba."

"Anaomba nini?"

"Anamwomba Mungu, unataka amwombe nani? Si daktari mwenyewe alisema mwacheni aombe? Mimi nikashukuru, nikasema angalau kituo hiki kina watu wa imani."

Nilicheka. Nilijua sitakiwi, na nilicheka mpaka nikakaa chini. Dada hakucheka.

"Wiki kumi na mbili, Mama! Alisema aombe kitu. Aombe chakula! Aombe maji! Mimi huku nahesabu mpaka kumi, wewe unamjaza tu!"

"Kumi yako ina namba tano," Mama alisema.

Dada akarudi kwenye mashine isiyo na umeme, akawa anakanyaga pedeli. Hawakusemeshana tena siku hiyo.

Asubuhi ya Jumatano tuliingia kile chumba watatu kama tusiofahamiana. Mtaalamu alitoa kichupa cha mapovu ya sabuni. Akapuliza mara tatu, Meneja akayafuata kwa macho, moja likampasukia puani, akafurahi. Kisha mtaalamu akafunga kichupa, akakishika mbele yake.

"Mtu asimsaidie. Mama Meneja, kalia mikono yako."

Dada akaikalia kweli. Meneja akatazama kichupa. Akatazama mlango. Hesabu ilipofika nane mdomo ukaanza kupinda, kile kilio kinakuja, na dada tayari nusu yake iko hewani. Nikamvuta sketi, akarudi chini.

Akajaribiwa kwa gari la plastiki. Hakuna. Kwa kengele. Hakuna. Mtaalamu akapuliza mapovu tena, akafunga tena, akangoja, akashusha pumzi, akainyanyua kalamu. Dada alikuwa anaitazama ile kalamu kama mkasi uliofika kwenye kitambaa cha mteja mahali pasipo pake.

Meneja akageuza shingo. Akamtafuta bibi yake, aliyekuwa ukutani nyuma huko amenuna. Akamwona. Akaleta viganja vyake pamoja, kimoja kimekwenda upande, dole gumba limebaki nje, akamkazia macho.

Mama akaacha kununa.

"Nani kamfundisha hii?" mtaalamu aliuliza.

"Ni wewe," Mama alisema.

Ilibidi nieleze mimi, maana wale wawili walikuwa bado hawasemeshani. Mtaalamu alijikaza mpaka kwenye amina, hapo akashindwa, akajiegemeza kwenye kioo akicheka, soksi zake hewani. Kisha akampa Mama kichupa. "Bibi, shika wewe. Mara moja inaweza kuwa bahati. Usiseme neno."

Kwa Mama, kutosema neno ndilo lilikuwa zoezi gumu kuliko yote siku hiyo. Alipuliza, akafunga, akangoja na midomo ameibana. Viganja vikakutana. Akapuliza. Vikakutana tena.

"Ishara ni ishara," mtaalamu alisema. "Amejua kwamba viganja hivi vinaleta kitu kutoka kwa mtu. Anaendelea."

Nilidhani dada atalia. Aliuliza: "Mbona kwangu hafanyi?"

"Kwako kilio kinatosha, hajawahi kuhitaji kingine. Kwa bibi, chakula hakiji mpaka viganja vikutane. Sasa bibi apunguze..."

"Sala sipunguzi," Mama alisema.

"Sala usipunguze. Punguza kumshika mikono. Avikutanishe viganja mwenyewe, halafu mpe. Na mama yake afanye hivyohivyo."

"Rudia," dada alisema, ameshafungua daftari. "Rudia kwa maneno mengine." Alikuwa haamini tena hata neno moja la Kiswahili.

Tulitoka. Dada alifika nusu ya korido, akasimama, akarudi hatua chache, akamkalisha Meneja kwenye benchi la korido. Akatoa kikombe cha maji kwenye mkoba, akakishika mbele yake.

Meneja akamtafuta bibi. Mama akamwona anavyomtafuta, akageukia ukuta, akaanza kusoma tangazo la chanjo kwa bidii, wakati miwani yake iko nyumbani. Meneja akabaki na mtu mmoja tu wa kumtazama.

Dada alihesabu kwa sauti, namba zote, mguu unakanyaga sakafu. Ikafika kumi. Hakuna kitu.

"Kumi na moja," alisema.

"Kumi na moja hatukuambiwa," nikasema.

"Nyamaza. Kumi na mbili. Kumi na tatu."

Kwenye kumi na sita Meneja alinyanyua kiganja kimoja. Cha pili kilikuwa kimeshikilia kamba ya mkoba, hakukiachia. Kiganja kimoja, kimesimama mbele ya kifua, na macho yako kwa mama yake.

"Hiyo ni nusu," Mama alisema kutoka ukutani.

"Nusu inatosha!" dada alisema, akampa kikombe kwa haraka hata maji yakamwagika, mengi yakaishia kwenye shati la mtoto.